Stendi Kubwa

Kabla hatujaanza kumwonea huruma fundi Poda, ijulikane kwamba naye alikuwa na ulimi. Alikuwa fundi pikipiki, mwembamba, mwenye kucha ambazo hazikutakata hata siku ya harusi yake, na jina hilo alilipata kutokana na namna yake ya kusaka oili inakovujia. Pikipiki ikiletwa imelowa chini, mafundi wengine hushika spana na kuanza kufungua chochote kilicho karibu. Yeye aliiosha injini kwa mafuta ya taa mpaka ikatakata, akaiacha ikauke, kisha akafungua kopo la poda ya watoto na kuinyunyizia injini nzima ikawa nyeupe pe. Halafu aliiwasha, akaiendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Palipokuwa na gasketi iliyochoka au sili, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, iliyokatika, poda ililowa ikaacha mchirizi mweusi, naye akaufuata mchirizi huo kwa kidole kwenda juu, kwa sababu oili hutelemka na upepo huirudisha nyuma, na inapodondokea mara nyingi sipo inapotoka. Akishapaona, alimgeukia mwenye pikipiki na kumuuliza, "Fundi wako wa kwanza alikuwa kipofu au alikuwa mwizi?" Wateja walicheka, wakarudi na wenzao. Mafundi waliotukanwa hawakucheka.

Kazi hiyo aliifanyia kwenye kibanda cha mbao na mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba ya baba mkwe wake. Chumba alicholala na mkewe nacho kilikuwa uani mwa nyumba hiyohiyo. Yaani akiamka yuko ukweni, akifanya kazi yuko ukweni, akilala yuko ukweni, na mzee hakuiacha siku ipite bila kumkumbusha. "Nimekuokota barabarani," alimwambia mbele ya wateja. "Nikakupa paa, nikakupa na binti. Imebaki kukupa akili, na hiyo nimeitafuta madukani sijaiona."

Mzee huyo alikuwa amestaafu kazi ya kukagua vyombo vya moto na kutahini madereva. Mtaa mzima, pamoja na mke wake wa ndoa, ulimwita Mkaguzi. Kazi ilikuwa imemwacha, lakini yeye hakuwa ameiacha. Alikagua chumvi kwenye mboga, alikagua ua ulivyofagiliwa, alikagua jirani alivyofunga geti lake. Enzi zake aliwaangusha watu mtihani kwa kosa ambalo wala halikuwamo kitabuni. Mtu asiyeweza kuinua pikipiki yake kwa stendi kubwa, ile ya katikati inayoisimamisha wima, alimwambia aende akajifunze baiskeli. Wanawake wembamba na vijana wenye mikono laini walirudi makwao wakifuta machozi. Mkaguzi alilisimulia hilo mezani mara kwa mara, na kila mara alicheka peke yake mpaka wengine nao wakaona ni salama zaidi kucheka.

Pikipiki yake mwenyewe aliinunua mpya akiwa kazini, na sasa ilikuwa kizee. Tangi lake jeusi alilifuta kila asubuhi kwa kipande cha fulana ya pamba. Fundi aliruhusiwa kufungua, kufunga na kubadilisha kilichokufa, lakini oili ilikuwa mwiko. Oili aliimimina Mkaguzi mwenyewe na kuipima mwenyewe, alfajiri, peke yake, kwa madai kwamba mafundi wote duniani ni wezi wa oili. Basi mwaka huo, pikipiki ikaanza kuvuja.

Ilianza kwa tone moja chini ya injini. Jioni Mkaguzi alichana boksi, akalitandika chini ya pikipiki, na asubuhi akalitoa na kulikagua kwa miwani. Kisha akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Fundi. Njoo usome."

Poda akaja, akasoma. Kulikuwa na doa bichi la ukubwa wa sahani ya kikombe.

"Nitaliangalia, baba."

"Utaliangalia," mzee akarudia polepole. Akachukua nyundo ya Poda mwenyewe na msumari wa Poda mwenyewe, akalipigilia lile boksi kwenye mlango wa kibanda, usawa wa macho ya mteja anayeingia.

Poda aliosha injini, akaipaka poda, akaiendesha. Mchirizi ulianzia kwenye sili iliyo nyuma ya sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Akaing'oa, akaweka mpya, akapangusa mikono, mambo yakawa shwari. Hazikupita siku nyingi mzee akaita tena. Safari hii oili ilitokea juu, kwenye kifuniko cha vali. Poda akakata gasketi kwa mkono, karatasi juu ya chuma, akiigongagonga kingoni kwa nyundo ndogo mpaka ikajikata yenyewe kwa umbo la kifuniko, kazi ambayo mafundi wa siku hizi hawaiwezi. Oili ikahamia kwenye mkono wa klachi. Akaziba hapo. Ikarudi kwenye sproketi, kwenye sili ambayo ilikuwa bado inanuka upya. Ikawa kama kufukuza panya kwenye nyumba yenye vyumba vingi, na kila panya mmoja alikuwa na boksi lake mlangoni.

Hapa lazima tumseme. Poda ya watoto huonyesha oili inapotokea, haionyeshi kinachoisukuma. Fundi mwenye utulivu angekaa chini, akajiuliza kwa nini injini moja inavujia kila mahali kwa zamu. Lakini Poda alikuwa amezoea kuwacheka wenzake, na mtu wa namna hiyo akikwama hupandwa na hasira badala ya kufikiri. Akazidi kuziba.

Mlango wa kibanda ukajaa madoa. Mwendesha bodaboda mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alisimama mbele ya yale maboksi akayatazama moja baada ya jingine huku akijikuna shingo.

"Sasa fundi," akasema, "kama ya mkweo tu inakutoa jasho..."

Kesho yake Poda alimwona kwa fundi wa pili, upande wa sokoni, yule ambaye Poda aliwahi kumwita kipofu. Yule fundi akampungia spana.

Hukumu ilitolewa mezani. Mkaguzi aliweka kijiko chini, akajipangusa mdomo, akasema kaka mkubwa wa mkewe Poda, mtoto wake wa kwanza aliyefanya kazi mbali, anakuja likizo mwisho wa mwezi. "Siku atakayofika, kama boksi lina doa, kibanda nampa kinyozi. Ameshaniomba. Kinyozi hata akikosea, nywele huota tena."

"Na sisi, baba?" binti yake akauliza. "Chumba tunachokaa?"

"Mumeo ana miguu."

Binti huyu alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, mdogo wa umbo, mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa uani chini ya dirisha la mama yake. Tangu utotoni alikuwa amejifunza kusoma nyayo za baba yake, kujua kwa kishindo tu kama leo kuna salama au hakuna. Katika nyumba hiyo watu hawakucheka mpaka mzee acheke kwanza, na Poda alikuwa mtu wa kwanza aliyemchekesha binti huyu bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana alimkubali, na ndugu zake waliposema fundi spana hana mbele wala nyuma, aliziba masikio.

Ukweli ulikuja kwa sababu ya ndoo. Poda alitaka kuufungua tena upande wa klachi, na ili aufungue ilibidi amwage oili. Siku zote alimwaga kwenye beseni lake kuukuu lililokuwa na oili chafu za watu wengine, zote zikachanganyika, nani ajue ya nani ni ipi. Siku hiyo beseni lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Akachukua ndoo nyeupe ya mkewe, yenye mistari ya vipimo ubavuni, kwa nia ya kuiosha kabla hajaonekana. Oili ikashuka, ikashuka, ikaupita mstari ambao haikupaswa kuupita. Injini ile hushiba kwa lita moja na kidogo. Ndooni zilikuwa karibu mbili, tena zenye mapovu. Akafungua kisanduku cha chujio cha hewa, akakuta oili imetuama ndani. Hapakuwa na ubovu wowote. Injini ilikuwa imelishwa mpaka inatapika, na kwa kuwa haina mdomo mmoja, ilitapikia popote ilipopata upenyo.

Hakumwambia mtu. Alifunga, akairudisha pikipiki barazani ikiwa tupu, akamwacha Mkaguzi amimine oili yake mpya kama kawaida. Kesho yake kulipopambazuka tu alijifungia kibandani, akaweka jicho kwenye ufa wa mbao unaotazama baraza.

Mkaguzi alitoka akiwa na fulana ya ndani na suruali yake ya kijivu. Aliangalia kushoto na kulia. Akaishika pikipiki kwa usukani na kwa chuma cha nyuma ya kiti, akaweka mguu kwenye stendi kubwa, akainua. Pikipiki iliinuka kidogo, ikarudi chini. Akajaribu tena, kiuno kikamgomea katikati, akabaki ameegemea kiti, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kizunguzungu kimpite. Kwenye saruji palikuwa na vijishimo viwili vilivyochimbwa na stendi kubwa kwa miaka yote ile. Sisimizi walikuwa wamevijaza mchanga. Mzee akaangalia tena kushoto na kulia, akashusha stendi ndogo ya pembeni, akailaza pikipiki upande wa kushoto, akachomoa kijiti cha kupimia oili kilicho upande wa kulia.

Pikipiki ikilala kushoto, oili yote hukimbilia huko, na kijiti cha kulia hutoka kikavu hata injini ikiwa imejaa. Mkaguzi aliwafundisha hilo watu wa mkoa mzima, na aliwaangusha kwalo. Sasa alikitazama kijiti kikavu, akatikisa kichwa kumlaani mkwewe, akachukua kopo na kuongeza oili.

Tuseme ukweli: kilichomjaa Poda kifuani hakikuwa huruma. Alifurahi. Alifurahi mpaka ikabidi ajizibe mdomo kwa tambara lenye petroli.

Alimfuata mkewe kwenye cherehani, akamweleza yote kwa kunong'ona, na alipofika kwenye kiuno akamwigiza. Mkewe alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Na wewe ukacheka?"

"Kidogo."

"Usimwambie. Usimwambie mama, usimwambie mtu yeyote."

"Na kibanda kiende kwa kinyozi?"

Alikata uzi kwa meno. Alikuwa mtu wa vipimo, kila siku anapunguza na kuongeza nguo za watoto ambao wazazi wao hawataki kusikia kwamba mtoto amenenepa. "Hicho kijiti kina alama, si ndiyo?" akasema mwishowe. "Basi muwekee kijiti kingine. Kirefu zaidi. Apime hivyohivyo imelala, lakini asome sawa. Hatajua, na haitavuja."

Poda alimtazama. Lilikuwa wazo zuri, na kidogo lilimuuma kwamba halikutoka kwake.

"Niahidi kwamba hutasema," mkewe akasema.

"Nimeahidi."

Na kusema kweli alifanya kazi nzuri. Alipekua vyuma vyake chakavu akapata kijiti cha pikipiki nyingine, kirefu kidogo. Alipima oili sawasawa pikipiki ikiwa wima, akailaza, akachovya, akakata, akapiga tupa alama mbili mahali oili ilipofika. Alikififisha kwa moshi wa mshumaa kisionekane kipya. Maboksi yakaanza kutoka safi. Mkaguzi aliligeuza boksi la kwanza upande wa pili, akalinusa, akalikunja na kuondoka nalo. La pili vilevile. Hakuyapigilia mlangoni, na yale ya zamani hakuyatoa. Poda akawa anapita karibu naye kila asubuhi bila sababu, akimpa nafasi ya kusema neno. Mzee alimuuliza kwa nini anazurura.

"Usisubiri shukrani," mkewe akamwambia. "Baba hana hiyo lugha."

Kaka mkubwa akaja, na mke na watoto. Meza ilitolewa barazani, ikatandikwa kitambaa cheupe, majirani wawili watatu wakakaribishwa. Poda akamwona kinyozi naye amekaa, ananukia manukato. Wakala. Vilipokuja vikombe, Mkaguzi alisimama, akaingia ndani, akarudi na boksi lisilo na doa na kulipitisha mkono kwa mkono kama picha ya mjukuu.

"Mmeliona? Pikipiki yangu ilivuja mwaka mzima," akasema. "Fundi wetu huyu amefungua, amefunga, amepaka unga wake kama anakaanga samaki. Nikaona, haya, sasa niingilie kati mwenyewe. Nimeitengeneza kwa mikono hii. Tazameni, kavu." Akangoja waisifu mikono. "Kwa hiyo kibanda kinakwenda kwa kinyozi. Fundi ambaye kazi yake inafanywa na mstaafu, kibanda cha nini?"

Akacheka. Kaka mkubwa akacheka, kwa mazoea ya utotoni. Kinyozi akatabasamu akiangalia kikombe chake. Chini ya meza, mkewe Poda aliweka mkono kwenye goti la mumewe akalibana, akalibana sana, na Poda alielewa barabara mkono ule unasema nini. Damu ilikuwa imeshamchemka. Akautoa mkono, akasimama.

"Hongera, baba," akasema kwa heshima zote, mikono nyuma. "Naomba jambo moja tu. Ipime oili mbele ya shemeji, naye aone. Ila kwa stendi kubwa, kama ulivyokuwa unawatahini watu."

"Hakuna haja," Mkaguzi akasema.

"Ni kitu cha dakika moja, baba. Asiyeweza kuinua pikipiki yake aende akajifunze nini vile?"

"Baiskeli," kaka mkubwa akadakia, bado anacheka. "Hebu baba, waonyeshe."

"Kaa chini, mwanangu," mama mkwe akamwambia Poda. Alikuwa mwanamke asiyesema sana, na kwa jinsi alivyolisema lile, Poda alijua kwamba mama naye anajua, na kwamba amekuwa akijua kwa muda mrefu kuliko yeye. Hakukaa.

Watu wote walikuwa wanamtazama Mkaguzi, na Mkaguzi hakuwahi katika maisha yake kutazamwa na watu akakataa. Alivua miwani, akaiweka mezani. Akaishika pikipiki. Akakanyaga, akainua, ikagoma. Kicheko cha kaka mkubwa kikaisha. Mzee akajaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni.

"Ngoja nikushikie, baba," kaka mkubwa akasema akiinuka.

"Mwache, shemeji," Poda akasema. "Mtihani hausaidiwi."

Safari ya tatu Mkaguzi alijitupa na uzito wake wote. Pikipiki ilipanda, ikapita pale ilipotakiwa kusimama, ikaangukia upande wa pili na kumvuta. Alilala juu yake, tumbo kwenye kiti, miguu nyuma haigusi vizuri chini. Hakuvunjika. Lakini ile suruali ya kijivu ilianza kuloa, ikaloa mpaka magotini, na hakuna aliyekuwa barazani ambaye hakuona.

"Haya," Poda akasema. "Sasa mmeona panapovuja."

Kinyozi alitoa kicheko kifupi, kikamkwama. Mama mkwe alikishika kitambaa cha meza kwa mikono miwili akakivuta, vikombe na sahani vikamwagika chini na kuvunjika, akaenda kumfunika mumewe kuanzia kiunoni kama anayemfunika mtoto. Binti yake alikuwa tayari amepiga magoti upande wa pili akijaribu kumwinua. Na Poda, je? Poda aliendelea kueleza. Alieleza habari ya stendi ndogo, na oili inavyokimbilia upande mmoja, akachomoa kijiti akawaonyesha alama alizopiga kwa tupa ili mzee asome sawa bila kujua, na jinsi alivyokipaka moshi. Alieleza kwa ufasaha, kama vile kuna mtu aliyeuliza.

Kibanda alibaki nacho. Kaka mkubwa aliamua hivyo kabla hajaondoka, akiongea haraka bila kumtazama usoni, na baba yake akakubali kwa kichwa. Kwa wiki nzima Mkaguzi alikuwa amekubali kila kitu kwa kichwa. Poda aliyabandua maboksi mwenyewe, akayachoma. Wateja wakarudi, na waliporudi walitaka kusikia, naye aliwasimulia. Mwanzoni alisimulia kwa kifupi. Baadaye akaongeza mikono, akaongeza sauti ya mzee anavyoguna, akatia na chumvi, na wale waliokwishasikia walileta wenzao kwa kisingizio cha kujaza upepo. Mkewe cherehanini alisikia vicheko vyote, maana ukuta ni mmoja.

Mkaguzi aliacha kukagua. Mboga isiyo na chumvi aliila. Ndevu ziliota nyeupe, za kusimama ovyo. Kitu kimoja tu alikikatalia: pikipiki isiuzwe. Hakuweza tena kuiendesha, lakini kila asubuhi alilifuta tangi lake na kutaka kuipima oili, na kwa kuwa siri haikuwapo tena, alitaka aipime inavyotakiwa, wima, kwa kijiti chake cha awali. Akawa anakwenda mpaka mlango wa kibanda. "Mwanangu," alisema, neno ambalo Poda hakuwahi kulisikia kwake, "naomba unisaidie kuinua."

Siku za kwanza Poda aliacha spana akaenda mara moja. Kisha ikatokea siku alikuwa amebanwa kweli, akamwambia asubiri kidogo, na mzee akasubiri. Poda aliona kwamba anasubiri. Mtu huyu aliyekuwa hamsubiri hata mkewe amalize sentensi, alisimama juani ameshika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili, akasubiri. Siku iliyofuata Poda hakuwa amebanwa, lakini akamwambia asubiri.

Asubuhi moja kibandani kulikuwa na waendesha bodaboda wanne wamekaa kwenye benchi. Mkaguzi akaja, akaomba.

"Nakuja, baba. Kuna wateja."

Mzee akarudi kwenye pikipiki. Poda akafunga bolti aliyokuwa anaifunga. Akaikagua. Akachukua tambara, akaanza kupangusa vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha ambazo hazikuwahi kutakata. Mmoja wa wale vijana akakohoa kicheko, akasema, "Fundi, mwanafunzi wako atachomwa na jua." Poda akasema, "Mwache akomae." Wakacheka wote.

Mkewe alitoka uani. Alipita mbele ya kibanda bila kugeuza shingo, akafika kwa baba yake, akamwondoa taratibu kwenye usukani. Kwa umbo lake lile dogo, aliweka kisigino kwenye stendi kubwa, akasimama juu yake kwa uzito wake wote, akavuta nyuma, na pikipiki ikapanda na kutulia kwenye vijishimo vyake kwa mlio mmoja. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa pindo la gauni, akachovya, akampa baba yake asome. Mzee alikisogeza karibu na macho.

"Iko sawa," akasema. "Ahsante, mama."

Alimsindikiza mpaka ndani. Kisha akaja kibandani, akasimama mlangoni.

"Unajua kwa nini nilikubali unioe?" akamuuliza mumewe. Hakupandisha sauti. "Siku ile ulipokuja kutengeneza pikipiki, baba alikuwa ametoka kumliza mama. Ukanitania, nikacheka. Nikasema, huyu atanitoa humu ndani."

Poda alingoja, kwa sababu alidhani ana zaidi.

"Hukunitoa," akasema, akarudi uani.

Cherehani haikusikika. Kilichosikika ni kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kutoka chumba cha uani kwenda upande wa mama yake. Huenda lilikuwa sanduku, huenda ni godoro. Poda alibaki na tambara mkononi. Mmoja wa wateja akamuuliza kwa sauti ya chini kama pikipiki yake itakuwa tayari leo, naye akamjibu kwamba itakuwa tayari mchana.